Wenye Kiu wa Mwambani

Martina alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Gasto, na hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Nasema mapema, msije mkadhani habari hii niliiokota njiani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, kiangazi, mwezi wa tatu tangu Operesheni ya vijiji ituhamishe kutoka bondeni na kutupanga kando ya barabara ya Ihanja, nyumba kwa nyumba kama meno ya kitana. Jumamosi hiyo Martina alikuwa uani anapepeta mtama. Ikaja Landrova ya mwenye duka mmoja wa mjini Singida, na ndani yake mwanawe, Mwalimu Ranjan. Huyu alifundisha sekondari, na mapumziko yake yote aliyamalizia mabondeni, akiokota mawe yaliyochongwa na watu wa kale na kuyafunga kwenye magazeti kama mandazi.

"Hodi, Mama Fabiano. Gasto yupo?"

"Yupo. Leo mnakwenda kuokota nini, mwalimu? Mawe bado hayajawatosha?"

"Leo si mawe. Nataka kupiga picha wale watu waliochorwa mwambani, kule mto unapopinda."

Martina akaweka ungo chini.

Mwamba ule umejiinamia kama paa la nyumba. Chini yake wamechorwa watu wekundu kumi na mmoja, wembamba kama njiti, vichwa vikubwa, mikono imefika magotini. Aliyewachora hajulikani; babu zetu waliwakuta. Sisi tulikatazwa jambo moja tu: usipite pale na chombo cha maji kilicho wazi. Mitungi yetu tuliifunga midomo kwa majani. Ukiuliza sababu, unapigwa kofi. Ndiyo shule tuliyosoma wengi wetu.

"Mtakuwa na maji?" Martina akauliza.

Gasto akacheka, huku anavaa kandambili zake za tairi. "Mke wangu, katibu wa chama amesema ushirikina ni adui wa maendeleo. Ile ni kazi ya mikono ya wazee wetu. Tukiikimbia, kesho mzungu atasema amechora yeye."

Wakaondoka. Kaka yangu alikuwa mwema, lakini akishasikia neno la mkutanoni, masikio yake hayakuwa na nafasi ya neno la mkewe.

Yaliyotokea kule aliyasimulia Gasto mwenyewe, wakati bado ana mate ya kusimulia. Wale watu walikuwa wamefifia kwa vumbi, kamera haiwaoni. Ranjan akampa kitambaa na dumu la maji. "Panguza polepole," akamwambia, "rangi itawaka." Gasto akawapanguza mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Rangi ikawaka kweli, nyekundu kama iliyopakwa jana. Ila kitu kimoja kilimshangaza. Dumu zima liliisha, na chini, kwenye vumbi, halikudondoka hata tone moja.

Jioni alikunywa kata tatu. Si ajabu, ametembea juani. Jumapili alimaliza mtungi. Jumatatu alimaliza mtungi na ndoo ya jirani, na tumbo halikuvimba, na chooni hakwenda. Martina alikuwa mama, alijua maji yakiingia kwa mtu hutoka wapi. Haya hayakutoka. Midomo ya Gasto ikapasuka. Ngozi ikakauka. Alipojikuna mkono, vumbi jekundu likamwagika mkekani.

Jumanne mchana Martina alimnywesha kwa kata, amekishika kichwa chake kama cha mtoto. Gasto akafumba macho, akameza mara moja. Martina akasikia koo lake likimeza. Kisha akasikia makoo mengine, nyuma ya lile, yakimeza moja baada ya jingine.

Hakulia. Aliweka kata chini, akahesabu. Yalikuwa kumi na moja.

Saa tisa akaja Mzee Mughwai, baba mdogo wa Gasto, na wanaume wawili. Martina akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akinusa. "Kisima cha kijiji kimeshuka. Asubuhi wanawake wameteka tope. Unajua?"

"Najua."

"Mume wako amewaamsha. Sasa wanakunywa kwa mdomo wake. Apelekwe akaachwe palepale. Wakimmaliza, watalala. Asipopelekwa, watamaliza nyumba hii, kisha ile, kisha wote." Akashusha sauti. "Ilishafanywa zamani. Kesho saa nane vijana watakuja na kitanda cha kumbebea."

Martina akasimama. Mkwe hasimamiwi hivyo, lakini alisimama.

"Baba, ng'ombe walioletwa kunioa walikwenda kwa baba yangu. Hawakwenda kwa mwamba. Mwamba hauna mume hapa."

"Mwanamke, unajibizana na nani?"

"Na yeyote anayemtaka Gasto akiwa hai bado. Akifa nitawaita. Kwa sasa nendeni."

Wakaenda, wakiguna. Kule ndani Gasto alikuwa anauramba ukuta uliokandikwa juzi, kwa sababu ulikuwa na unyevu.

Magharibi haijafika, Landrova ikaja. Ranjan alishuka bila hodi, ana bahasha. Alikuwa amesafisha picha zake. Zote kumi na mbili zilionyesha Gasto na kitambaa chake, na mwamba mtupu. Hakuna mtu mwekundu hata mmoja.

"Mama Fabiano, niliwaona kwa macho yangu. Nilisimama hatua mbili."

"Hawakuwa ukutani tena," Martina akasema. "Walikuwa wameshahamia kwake. Mwalimu, Landrova ina mafuta?"

"Ya kufika hospitali, ndiyo. Twende sasa hivi."

"Hospitali watamtundikia maji. Wenzake watashukuru. Wewe rudi Singida, nenda ziwani, uniletee madebe mawili, yajae."

Ranjan akamtazama kama anayemtazama mtu aliyepagawa. "Maji ya Singidani? Yale ni chumvi tupu. Hata ng'ombe hawanywi."

"Mimi nimezaliwa Mwankoko, kando ya ziwa hilo. Nilimwona ndama mwenye kiu aliyekunywa ziwa lile. Hakurudia. Usinijibu, mwalimu. Kitambaa kilikuwa chako."

Asubuhi madebe yalikuwapo. Saa sita kamili, jua limesimama wima, Landrova ilifika pale mto unapopinda. Ranjan alisaidia kumshusha Gasto, ambaye sasa alikuwa mwepesi kama mzigo wa mabua. Madebe wakayatua chini ya mwamba.

"Rudi garini," Martina akamwambia. "Wewe walishakuona."

Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na ndege. Mwamba ulikuwa umelowa.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Mwamba umelowa, unang'aa, na watu wekundu wamerudi mahali pao. Martina aliwafahamu tangu alipoolewa. Walikuwa wembamba kama njiti. Sasa walikuwa na matumbo.

Gasto, ameegemea jiwe, akafungua mdomo. "Tupe maji," akanong'ona.

"Wewe na nani?"

"Tupe."

Sauti haikutoka kwake peke yake. Ilitoka kwake na ukutani. Martina akajifunga khanga kiunoni, kama anavyofanya mwanamke anayekwenda kuanzisha ugomvi kisimani.

"Nisikilizeni," akasema. "Sijui nani aliwachora, na sijali. Mlipewa maji kwa wema, mkamng'ang'ania aliyewapa. Mgeni gani anakunywa mpaka anamnywa mwenye nyumba? Hata mwizi wa kuku mimi namheshimu kuliko nyinyi, huyo huacha manyoya."

Tone moja likaanguka kutoka kwenye paa la mwamba. Lilikuwa jekundu.

"Mna kiu bado?"

"Tupe."

Akainua debe la kwanza, akalimwaga ukutani kwa nguvu zote. Maji hayakufika chini. Akasikia wanameza. Wanameza haraka, kwa pupa, kama ndama. Koo juu ya koo.

Kisha wakaacha.

Mwamba ukakohoa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Vumbi likamwagika kutoka kwenye nyufa. Kitu kikamshika Martina kifundo cha mguu, kikavu, chembamba. Hakutazama chini. Alijua akitazama hatainua debe la pili.

"Tosha," sauti ikasema. "Tosha, mama."

"Leo ndiyo mnanijua kwamba ni mama?" Akainua. "Kunyweni. Nimeyabeba kwa ajili yenu."

Akamwaga lote.

Kile kilichomshika kikaachia. Nyuma yake Gasto akapiga kelele, akajikunja, na jasho likamtoka, jasho la mtu mzima, kichwani, mgongoni, likalowesha shati mpaka likadondoka. Alilia kwa machozi ya kweli. Martina alimbeba mgongoni mpaka garini, akageuka mara moja kutazama. Ukuta ulikuwa mtupu. Chumvi tu, inaanza kuwa nyeupe.

Saa nane vijana walipokuja na kitanda, walimkuta Gasto amekaa kwenye kigoda, anakula ugali na mlenda. Martina akawaambia wakirudishe kitanda kwa Mzee Mughwai, akalalie mwenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua mlango ili afagie. Kutoka upande wa bondeni, juu ya vumbi la uani, zilikuwa zimekuja nyayo. Ndogo, nyembamba, zisizo na kisigino, nyeupe kwa chumvi. Zilikuja mpaka kizingitini, zikasimama pamoja, zimeelekea ndani. Za kurudi hazikuwapo.

Martina alizitazama muda. Kisha akachukua ufagio, akazifagia. Ijumaa zilikuwapo tena. Akafagia tena. "Simameni hapo mpaka mchoke," aliwaambia, "ndani hamuingii." Na hawakuingia. Gasto aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, akazaa na watoto wengine wawili, akafa kifo cha kawaida kitandani kwake.

Kizingiti kile tumekikandika upya mara nne. Mara ya mwisho tuliweka saruji. Bado kila asubuhi, mkifungua zizi, mbuzi wa kijiji kizima hupita malisho na kuja pale mlangoni, wakapiga magoti, wakaramba.