Kumbe Chakula cha Mwanangu Kililiwa na Mgeni

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mkulima wa viazi hapa Kibirichia, na nina watoto wawili. Ninaandika haya nikiwa na hasira. Kama wewe msomaji ni mmoja wa wale wa kusema "msamehe shemeji yako, ni damu," basi fungua ukurasa mwingine usome mambo ya mapishi. Mimi sijafika huko kwenye kusamehe, na sijui kama nitafika.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Mwenda. Alipomaliza shule ya msingi alitahiriwa kama wavulana wote wa huku, akajengewa nyumba yake ndogo ya mbao. Wasomaji wa mbali huenda hamjui mila yetu. Mvulana akishatoka jandoni, mama yake haingii nyumba yake. Hafagii humo, hatandiki kitanda, hachungulii dirishani. Mwana akikosea, huitwa mwanaume azungumze naye. Ndivyo nilivyoikuta mila hii nilipoolewa, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Nyumba ya Mwenda ilijengwa uwanjani kwa shemeji yangu Gitonga, ng'ambo ya kijito. Mume wangu ni mlinzi katika shamba la ngano kule Timau na huja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Wazee walisema kijana akae karibu na mwanaume. Gitonga alikuwa ndiye aliyemsimamia jandoni, na ni ndugu wa damu wa baba yake. Ningekataa kwa nini?

Kidato cha Kwanza na cha Pili vilikwenda vizuri. Kila jioni Mwenda alipita jikoni kwangu akitoka shule. Alikula akiwa amesimama, akamtania dada yake Kendi, akaniambia mwalimu gani amewachapa maneno siku hiyo. Halafu akavuka kijito kwenda kusoma. Sikuhitaji kuingia nyumba ya mtu kujua mwanangu yu mzima. Uso wake ulikuwa unanieleza yote.

Mwisho wa Kidato cha Pili shule iliita wazazi, kwa sababu watoto walikuwa wanachagua masomo ya kuendelea nayo hadi mtihani wa mwisho. Mwenda alichagua fizikia. Mwalimu wake wa darasa, Madam Kagwiria, alituambia neno ambalo leo linanichoma. Alisema Kidato cha Kwanza mtoto anaogopa, na cha Nne mtihani unamtisha, lakini cha Tatu hakina mwenyewe. Hapo katikati ndipo mtoto anapopotea kimya kimya, mzazi akidhani bado anasoma.

Nilimuuliza, mimi niliyeishia darasa la saba, nitamsaidiaje mtoto wa fizikia. Akanijibu, "Mama Mwenda, si lazima ujue fizikia. Wewe mwone tu kila siku."

Mwone tu kila siku... Kazi rahisi namna gani! Na hiyo ndiyo niliyonyang'anywa.

Kidato cha Tatu kilipoanza, Gitonga alikuja kwangu akakaa kwenye stuli, akanywa chai yangu, akasema sasa masomo yamekuwa mazito. Kijana anapoteza wakati akipita huku jioni. "Wacha kijana akae kama mwanaume," aliniambia. "Hii ni Form Three, si nasari. Tuma chakula na Kendi, akiweke mlangoni. Mambo ya shule mimi nitashughulikia."

Nikamshukuru! Ndiyo, nilimshukuru, tena nikamfungia na viazi vya kubeba. Nilifikiri, heri mtoto wangu ana baba wawili, wengine hawana hata mmoja.

Nikawa napika kama mtu anayepikia harusi. Githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi na karoti, mukimo wa viazi vya kupondwa, mayai ya kuku wangu ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatuli. Kendi alivuka kijito na bakuli la mfuniko, akaliweka mlangoni na kurudi na la jana. Mikutano ya shule alikwenda Gitonga. Karo nayo nilimpa yeye apeleke, na sijui iliishia wapi, lakini leo sizungumzii pesa.

Jumapili nilimwona Mwenda kanisani. Nilimwona anakonda, nikasema ni vitabu. Kisha muhula huo huo akaugua homa. Kendi alikuja akaniambia kaka yake amelala tangu jana na anakohoa. Nilivaa gambuti zangu za shambani nikavuka kijito mbio, nikafika hadi mlangoni. Nilimsikia akikohoa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kushika mlango, mke wa Gitonga akaniona kutoka jikoni kwake na kuniuliza kama nimesahau mwanangu ni mwanaume sasa.

Nikarudi nyumbani. Nilituma uji na dawa, nikakaa jikoni nikilia na kumenya viazi. Mila ilinishika mkono na mimi nikakubali kushikwa.

Likizo ya Aprili, Gitonga akasema ana rafiki yake mwalimu kule Manyatta, karibu na Embu, atakayemfundisha Mwenda bure hadi shule zifunguliwe. Nilifurahi tena. Mimi mtu akitaja neno kufundisha tu, akili yangu hulala. Mwenda aliondoka bila kuniaga, nikaambiwa lori lililombeba lilikuwa na haraka.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Gitonga akaniambia kijana amerudi, ila Jumamosi na Jumapili shule imeweka masomo ya ziada, kwa hiyo kanisani asitarajiwe. Nikauliza kama naweza kumngojea njiani asubuhi. Akacheka kidogo, kisha akaniangalia kwa huruma ile ya uongo. "Mama Mwenda, sikutaka kukuambia. Kijana mwenyewe amesema usiwe unamsumbua. Anaona aibu na wenzake."

Maneno hayo yaliniuma, lakini nani hajui vijana wa umri huo? Nikajikaza. Kila jioni Kendi alivuka na bakuli. Alipiga hodi, sauti nzito ndani ikajibu "weka hapo", naye akidhani ni kaka yake akaliweka. Bakuli la jana lilirudi limelambwa safi. Nami nilikuwa naliangalia lile bakuli tupu na kujisifu kwamba walau mwanangu anashiba. Hilo bakuli ndilo lililokuwa barua yangu kutoka kwake.

Siku moja ya soko nilikuwa nimepanga viazi vyangu, Madam Kagwiria akasimama kununua. Tukasalimiana vizuri. Akaniuliza Mwenda anaendeleaje na shule yake mpya huko Embu.

Nilidhani amenichanganya na mama mwingine. Akaniambia hapana, baba yake mdogo alikuja shuleni mwenyewe kabla ya muhula kuanza, akasema wazazi wamemhamisha. "Nilisikitika," akasema Madam. "Alikuwa ameanza kupanda kwa fizikia."

Niliacha viazi vyangu pale pale chini. Nani alivichukua sijui hadi leo.

Nilivuka kile kijito mchana kweupe na sikupiga hodi. Mke wa Gitonga aliita kwa nyuma yangu, nikamwambia akae mbali nami. Nikasukuma mlango wa mwanangu, mlango ambao sikuwahi kuugusa tangu ulipowekwa bawaba.

Ndani kulikuwa na magunia ya mbegu za viazi hadi dirishani. Meza ya Mwenda ya kusomea ilikuwa imewekewa jembe na buti za mtu. Na kitandani ameketi mwanaume mzima mwenye ndevu, anakula githeri yangu kutoka kwenye bakuli langu.

Nilimuuliza yeye ni nani. Akasema ni mbebaji wa magunia wa Gitonga, amepewa nyumba hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alitabasamu hata. "Kumbe ni wewe mama wa chakula? Mungu akubariki, unapika vizuri. Ni chumvi tu ungepunguza."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi changu nilikuwa nakipikia.

Nilimpigia Gitonga simu palepale nikiwa nimesimama katikati ya magunia. Mnajua neno lake la kwanza? Hakusema pole, hakutafuta hata uongo mwingine. "Umeingia nyumba ya kijana? Wewe mwanamke uko na akili kweli?" Halafu akaniambia Mwenda yuko Manyatta, anajifunza biashara, na kwamba siku moja nitamshukuru. Gitonga ana kibanda cha kuuzia viazi huko, na kila mtu aliyemwajiri alikuwa anamwibia. Alitaka mtu wa damu anayejua hesabu, na wanawe wawili walishaacha shule hata kujumlisha hawajui. Basi akachukua wangu.

Kesho yake nilikuwa Manyatta. Nilimpata Mwenda nyuma ya rundo la viazi, amevaa ile suruali yake ya shule, imechanika goti. Nilimkimbilia kumkumbatia. Alirudi nyuma hatua moja kama anayeogopa kuchafuliwa.

"Umekuja kununua?" aliniuliza.

Nilimwambia nimekuja kumchukua arudi darasani. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua. "Si ni wewe ulisema umechoka na mimi? Anko aliniambia. Ulisema mimi ni mwanaume nijitafutie, shule ni ya Kendi."

Niliapa kwa Mungu mbele ya wateja wake kwamba sijawahi kutamka neno hilo. Nikamwambia kuhusu mayai, kuhusu githeri, kuhusu lile bakuli. Alisikiliza huku akipimia mtu viazi. Mwishowe akasema, "Sawa mathe. Lakini hukuja." Siku hiyo sikuelewa alimaanisha nini.

Mlaghai yule alituweka kila mmoja upande wake wa mlango, akamwambia kila mmoja kwamba mwenzake hamtaki! Na mlango wenyewe tuliujenga sisi, kwa mila yetu, kwa mbao zetu.

Niliporudi nikadai ukoo ukae. Ulikaa, ndiyo, kwenye uwanja wa Gitonga, wanaume wote wa nyumba hiyo. Nilidhani wataniuliza habari za shule. Kesi iliyosikizwa ilikuwa ya mlango. Mwanamke ameingia nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa, amemletea kijana mkosi, na amemtukana mke wa shemeji yake. Habari ya mtoto kutolewa shuleni katikati ya masomo ilizungumzwa wakati wa kula, juu juu, mzee mmoja akisema hata yeye hakusoma na ana ng'ombe.

Nilitozwa mbuzi. Mume wangu, aliyetoka Timau kwa ajili ya siku hiyo, hakunitetea. Ni yeye aliyemvuta mbuzi kwa kamba hadi kwa ndugu yake, na akabaki huko kula nyama. Aliporudi nilimwambia chakula kiko kwa Gitonga siku hizi, aende akaombe. Tunaishi, lakini hatuzungumzi sana.

Madam Kagwiria alisema nafasi ya Mwenda ipo, arudie Kidato cha Tatu mwaka mpya ukianza. Nilimpelekea habari hiyo Manyatta. Alikataa. Wenzake sasa wako Kidato cha Nne, wanajiandaa kwa mtihani, na yeye hataki kukaa na watoto aliowatangulia. Nimekwenda tena na tena. Nakaa kwenye kreti lililofudikizwa kando ya kibanda chake, namsaidia kuchambua viazi vilivyooza, namuuliza kama amekula. Wakati mwingine hunijibu.

Mara ya mwisho nilikwenda mvua ikinyesha, nimevaa zile gambuti zangu. Aliziangalia. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Siku ile niliugua, nilisikia hizo viatu huko nje. Nilijua ni wewe. Nikangoja ufungue."

Nilimuuliza kwa nini hakuniita.

"Si ulikuwa unajua niko ndani."

Wasomaji wenzangu, Gitonga alinidanganya na Mungu atamwona, mimi simsamehe. Lakini uongo wake uliota mizizi kwa sababu siku ile mtoto alikuwa ameshasikia viatu vya mama yake vikirudi nyuma. Baada ya hapo, aambiwe nini asikubali?

Nyinyi mlio na watoto wa Kidato cha Tatu, msidanganywe na bakuli tupu. Msidanganywe na shemeji, wala na mtu anayewaambia "mwache, ni mkubwa." Huko katikati hakuna anayewaangalia watoto wetu, si mtihani, si woga, si mwalimu mwenye darasa lililojaa. Tazama uso wa mwanao kwa macho yako mwenyewe, hata kama hujui fizikia ni nini.

Na ukimsikia anakohoa nyuma ya mlango, ingia. Mbuzi utamlipa baadaye.