Helmeti Yenye Sisimizi Mwekundu

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula nilichowekewa, kisha navuka barabara kwenda karakana ya Baba. Baba ni fundi rangi wa pikipiki. Tangi lililokwaruzwa, bati lililoliwa na kutu, vyote vikipita mikononi mwake vinatoka vinang'aa. Kazi yangu mimi ni mistari. Nina mkono usiotetemeka, na Baba huwaambia wateja waziwazi kwamba mistari yangu imenyooka kuliko yake. Sikufichi, nikisifiwa mistari yangu naweza kusahau hata njaa.

Nyumbani na mtaani wananiita Sisimizi, kwa sababu ya umbo langu dogo na kwa sababu siwezi kutulia mahali pamoja. Basi kila nilipomaliza kuchora kitu niliacha alama yangu mahali pa siri: sisimizi mweusi, asiyezidi punje ya mchele. Baba alipomwona mara ya kwanza alicheka.

"Vizuri," alisema. "Fundi asiyeona haya kazi yake huiwekea sahihi."

Mwaka ule, mwanzoni mwa muhula wa pili, helmeti zilianza kuingia karakana. Aliyezileta alikuwa mwenye duka la vipuri la jirani, mtu mwenye tabasamu pana hata watoto wakamwita Bwana Meno. Alizikusanya kwa watu waliokuwa wamepata ajali na hawakuzitaka tena. Kila moja ilikuwa na ufa, mwingine mwembamba kama uzi, mwingine wa kuingiza ukucha. Baba aliziba ufa kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi, nami nikachora mistari. Zikikauka, Bwana Meno alizitundika dukani chini ya kibao alichoandika kwa mkono wake: HELMETI IMARA.

Sikuona ubaya wowote. Niliona helmeti zinazopendeza, na watu wakizisifu.

Ubaya wenyewe niliuonea darasani. Jumatano moja mwalimu wetu wa sayansi alikuja na mayai mawili na vipande viwili vya lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Alichimba shimo dogo katika kila kipande, akaweka yai moja katikati, akakaza kwa utepe. Tukapanda naye ghorofani, akaliachia lianguke hadi kwenye sakafu ya saruji. Tulipoteremka na kufungua, yai lilikuwa zima. Tulipiga makofi.

"Msishangilie bado," alisema mwalimu. Akaweka yai la pili katika povu lilelile, akaliangusha tena. Safari hii ute ulitutiririkia mikononi.

Alitupitishia kile kipande tukishike. Upande mmoja kilikuwa kimebonyea na kupasuka.

"Povu hili hukuokoa kwa kuumia badala yako," alisema. "Likishabonyea halirudi. Ndani ya helmeti mna povu kama hili. Helmeti iliyogonga chini mara moja imekwisha kazi yake. Mwenye akili huikata kabisa, asije mwingine akaiokota na kuivaa."

Nilinyoosha mkono. "Hata ikipakwa rangi, mwalimu?"

Darasa zima likacheka.

"Hata ukiipaka dhahabu," alisema.

Sijui nilivyofika karakana siku hiyo. Sikuvua sare wala sikula. Bwana Meno alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi akipiga soga, na mezani kulikuwa na helmeti mbili za buluu zilizokuwa zikisubiri mistari. Niliichukua moja, nikavuta kitambaa cha ndani. Povu lilikuwa limebonyea mahali pa kuenea ngumi yangu.

"Baba, hii imekufa," nilisema. "Imeshagonga. Haimkingi mtu tena." Nikamweleza habari ya mayai, neno kwa neno.

Baba alisikiliza akifuta mikono kwa tambara. Kisha akamgeukia Bwana Meno. "Unasikia mambo hayo? Siku hizi yai linamfundisha kuku kutaga!"

Wakacheka wote wawili.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Baba aliendelea. "Mimi naziba. Kosa langu liko wapi?"

"Na watu hununua kwa macho, binti," Bwana Meno akadakia.

"Lakini hawaivai machoni!" nilisema. "Wanavaa kichwani!"

"Koma!" Baba alifoka. "Tangu lini unajibizana na wakubwa? Shika brashi. Hizo mbili zinatakiwa leo."

Nilishika brashi. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Nilikuwa na hasira na Baba, nilikuwa na hasira na yale meno, na bado niliketi nikachora mistari myeupe iliyonyooka kabisa, kwa sababu mkono wangu haujui kuchora vibaya na mimi sikuuzuia. Nilijiambia sina la kufanya, mimi ni mtoto. Ulikuwa uongo, lakini ndio nilioushika. Nilipofika kwenye alama yangu nilichovya brashi kwenye rangi nyekundu badala ya nyeusi. Sisimizi wawili wekundu, mmoja kila helmeti, nyuma chini ya ukingo. Eti hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu kwa Baba.

Jumamosi asubuhi alikuja Shangazi. Huyu ni dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyemlea Baba baada ya wazazi wao kufariki. Anasambaza vifurushi kwa pikipiki mji mzima, na sauti yake hukufikia kabla ya pikipiki yenyewe.

"Wenyewe mpo?"

"Tupo! Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Sisimizi wangu. Sishuki, nina kifurushi cha kupeleka mbali, kule barabara kuu. Nimepita kuwaonyesha mali mpya." Akajipigapiga kichwani. "Mkanda wa ile ya zamani ulikatika, nikanunua hii hapo kwa jirani yenu. Nimeambiwa ni imara. Mnaionaje?"

Ilikuwa ya buluu, na ilikuwa na mistari myeupe.

Nilizunguka nyuma ya pikipiki, nikainama. Chini ya ukingo, juu tu ya shingo ya Shangazi yangu, alikuwepo sisimizi mwekundu.

Nilipoinua macho, Baba alikuwa akinitazama. Aliitambua helmeti ile kabla yangu; rangi aliichanganya mwenyewe. Akageukia makopo yake, akaanza kuyapanga yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

"Imekupendeza, dada," alisema bila kugeuka.

Nilitaka kupiga yowe. Mtu aliyemlea, aliyemnunulia brashi yake ya kwanza, na yeye anapanga makopo! Nilikwenda mbele nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Baba, mwambie Shangazi kama helmeti hii ni nzima."

"Sisimizi, mpishe shangazi yako. Anachelewa."

"Ikiwa nzima nitampisha. Sema tu kwamba ni nzima, Baba. Mtazame, halafu useme."

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama Baba, akazima injini. Baba aligeuka polepole. Alifungua kinywa. Nilimwona akilitafuta neno lile moja dogo, nikaona linavyomkataa.

Akaja na mikono yake yenye rangi, akaufungua mkanda chini ya kidevu cha dada yake kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Vua, dada."

Akaichukua helmeti, akaipiga chini kwenye saruji. Gamba refu la buluu liliruka, likafuatiwa na puti, na ufa ukajitokeza tangu ukingoni hadi utosini.

Shangazi aliiokota. Akapitisha kidole kwenye ufa, mwanzo hadi mwisho.

"Ulijua?"

"Nilijua," Baba alisema.

"Ulipokuwa ukiiziba, ulifikiri itavaliwa na nani?"

Baba aliinama. "Na mtu tu."

"Mtu tu!" Shangazi alishuka kwenye pikipiki. "Yuko wapi huyo anayeitwa Mtu Tu? Kazaliwa na nani? Hana dada? Hana mtoto anayemsubiri mlangoni? Mimi nimevaa kifo changu, nikakilipia, na mdogo wangu wa tumbo moja ananiambia kimenipendeza!"

Nilifikiri yamekwisha, nikaanza kujiona shujaa. Lakini Shangazi alikuwa ameigeuza helmeti, na macho yake yalikuwa kwenye ukingo.

"Huyu sisimizi ni wako?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Wako si mweusi siku zote?"

Ikabidi niseme. Nilisema habari ya mayai, ya kicheko chao, ya kufokewa.

"Kwa hiyo nawe ulijua."

"Nilijua. Nilimwambia Baba, akakataa."

"Kisha ukachora."

"Kisha nikachora," nilisema, na machozi yakanitoka, maana mistari ile ilikuwa mizuri sana.

Kifurushi alikuja kukichukua dereva mwenzake. Shangazi alituongoza sote wawili hadi duka la vipuri. Bwana Meno alianza kwa tabasamu. "Mimi nauza tu, dada yangu. Ya ndani siyajui."

"Leo utayajua," alisema Shangazi, akaanza kuteremsha helmeti, akiinua kila moja na kutazama nyuma. Walipatikana sisimizi watano, mmoja wao mwekundu. Kibao cha HELMETI IMARA alikiteremsha Baba kwa mkono wake.

Kwa jumla tulikuwa tumeziba helmeti kumi na moja. Zilibaki tano, na tano hizo zilikuwa vichwani mwa watu. Siku sita nzima Baba alifunga karakana akasimama kwenye kituo cha mafuta, akiinama nyuma ya kila aliyeingia kujaza, akimtafuta sisimizi. Watu walisema harufu ya rangi imempanda kichwani. Hakujali. Kila aliyepatikana alielezwa ukweli na kupewa helmeti mpya, Bwana Meno nusu, Baba nusu, kwa amri ya Shangazi, na safari hii Bwana Meno hakuonyesha jino hata moja.

Ya mwisho ilikuja siku ya sita jioni. Mwanamume mmoja alikuwa amempakia binti yake nyuma, mtoto wa darasa la kwanza. Mwanamume alikuwa kichwa wazi. Helmeti alikuwa amemvika mtoto.

Baba alipomaliza kumweleza, yule mwanamume alifoka. "Mimi nilijinyima, nikampa yeye ili awe salama!" Baba alipokea kila neno alilotupiwa, hakujitetea.

Kesho yake zote kumi na moja zilikuwa kwenye sakafu ya karakana. Baba alizikata kwa msumeno moja baada ya nyingine. Zilipobaki mbili, zile za sisimizi wekundu, akanikabidhi msumeno. Nilikata. Ilikuwa kazi ngumu, na nilistahili.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo ile aliyoizoea Bwana Meno.

"Sikilizeni," alisema. "Wahenga walisema ufa uzibwe ukuta usianguke. Hawakusema ufichwe. Wewe, mdogo wangu, kila kazi inayotoka hapa mpe jina mwenye kichwa. Mwite dada, mwite binti, kwa sababu kila mtu ni wa mtu. Na wewe, Sisimizi, kusema kwamba jambo ni baya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuondoa mkono wako."

Nusu ya helmeti yangu imetundikwa mlangoni mwa karakana hadi leo, ndani nje, povu lililobonyea likionekana. Mara kwa mara huja mteja na helmeti yenye ufa, akiomba izibwe na kurembwa kidogo tu, hakuna atakayejua. Zamani Baba angetafuta puti. Siku hizi hunielekeza kidole.

"Muulize yai," husema.

Nami humweleza mteja yote tangu mwanzo, na nikimaliza humpa msumeno.