Chupa ya Rafu ya Tatu

Lifti ya hospitali ilikwama mchana wa saa sita, watu tisa ndani, bega kwa bega. Mtafiti wa maabara, koti jeupe juu ya gauni la njano, alikuwa amekumbatia kisanduku cha barafu. Fundi friji aliyebanwa naye ubavuni akamuuliza kabeba nini.

"Saratani," alijibu.

Watu wakataka kusogea, pa kusogea hakuna. Fundi peke yake ndiye aliyecheka. Walipofunguliwa baada ya nusu saa, fundi alikuwa na namba ya simu ya mtafiti.

Simu hazikukatika tena. Fundi alimwita mtafiti Daktari, ingawa hakuwa daktari. Naye fundi akaitwa Baridi wangu. Jioni moja Baridi akataka kujua hasa mwenzake anafanya nini huko maabara. Akaelezwa kwamba kwenye uvimbe kuna seli mama chache, zinazozaa nyingine. Dawa ikija, hubadilisha chakula zikisaidiwa na vimeng'enya vyao, vinavyosaga chakula hicho, zikajificha, kisha zikaotesha uvimbe upya. Mtafiti alikuwa na chupa ya kemikali inayozuia kimeng'enya kimoja, ili zife njaa.

Mama yake fundi alikuwa amelazwa ghorofa ya tano. Uvimbe wa titi uliotibiwa mpaka ukaisha ulikuwa umerudi.

Aliiomba ile dawa kwa upole, kisha kwa hasira. Mtafiti akakataa, akasema haijawa dawa. Fundi akaona mwenzake anajali kazi kuliko roho ya mtu, na kwa wiki mbili hakupokea simu yake.

Kisha friza ya maabara ikaharibika, akatumwa yeye kuitengeneza. Mtafiti aliporudi kutoka ofisini alimkuta ameshika chupa ya rafu ya tatu, ile ya kemikali. Akasimama mlangoni.

"Nipishe," fundi alisema.

"Sikupishi. Tuliwapa panya kumi na wawili. Seli mama zilikufa kweli. Siku ya nne panya wote wakafa, maana kimeng'enya hicho hicho ndicho kinacholisha uboho, kule damu inakotengenezwa. Ingekuwa inaponya, ningeiiba kabla yako."

Fundi akaketi sakafuni. Alisema kwenda wodini kunamuua, kutokwenda kunamuua zaidi. Mama humuuliza kila siku kama kuna jipya. Mtafiti akaketi karibu naye. Akasema naye miaka sita hatoki hapo hapo: anajua seli zinaishi kwa kula nini, ila kila njia ya kuziua inamuua na mgonjwa mwenyewe. Akaichukua chupa taratibu mkononi mwa fundi, na kisa hicho hakumwambia mtu.

Alasiri hiyo walipanda ngazi pamoja. Mama, mtandio wa kijani kichwani, alimtazama mgeni kutoka juu hadi chini.

"Huyu ndiye aliyekununisha wiki mbili?"

"Ndiye, mama."

"Binti, dawa unayo?"

Mtafiti alitamani kudanganya. "Sina, mama. Bado."

"Wote hapa wananiambia nitapona. Wewe kaa karibu yangu."

Siku kumi na moja baadaye walifunga ndoa wodini, mama akiwa ameegemezwa kwa mito. Bibi harusi alivaa gauni la bluu. Picha zilipokwisha, akaomba ruhusa kwa aibu: saa ya kulisha seli za maabara ilikuwa imefika, na hakuna mwingine wa kuzilisha.

Mama akamwachia mkono. "Nenda, mwanangu. Mumeo atakusubiri. Hana pa kwenda, na mimi pia sina."