Viti Themanini na Saba

Ilianza Jumatatu, tarehe mosi, saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni. Dakika nina hakika nazo kwa sababu niliziandika pembeni mwa karatasi niliyokuwa naisahihisha. Ndiyo kazi yangu: kusoma vitabu vya shule kabla havijaenda kuchapwa, natafuta nukta iliyopotea, ukurasa uliorukwa, picha iliyogeuzwa juu chini. Asubuhi nakuwa ofisini. Saa nane narudi nyumbani na bahasha ya karatasi, namwachia mama mdogo aende zake, na zamu ya kumwangalia mama inakuwa yangu mpaka kesho yake.

Mama alikuwa amepata kiharusi miezi minane kabla. Maneno yalirudi, mguu ukarudi nusu. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulijikunja, vidole vimezama kiganjani, na mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kila Alhamisi alishindwa kuufungua hata kwa maji ya moto.

"Profesa, umefika," mama mdogo aliniambia siku hiyo, mkoba tayari begani. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nimalize chuo. "Leo dada yangu kapata burudani. Wameanza mwezi wa filamu za zamani, kila siku saa tisa, siku thelathini. Mwache atazame, na wewe ubaki na makaratasi yako."

Nilishukuru. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilishawahi kusimama jikoni na kijiko mkononi nisijue nilikuja kukoroga nini.

Sebule yetu ni ndogo. Kiti cha mama kipo karibu na mlango, meza yangu ipo chini ya dirisha, na katikati kuna sofa ya watu wawili tuliyoibadilisha sponji mwezi uliotangulia. Mama alitazama filamu. Katika picha nyeusi na nyeupe, watu walipanda treni, wakaagana, wakalia. Likatokea neno la mwisho, muziki ukapanda, na hapo nikasikia ubao ukigonga ubao. Ta. Kisha tena. Ta. Kisha mara ya tatu.

Niliangalia juu, nikakumbuka kwamba juu yetu hakuna mtu, kuna bati tu.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameshika tochi yetu ya dharura katika mkono wa kulia. Alikuwa ameiwasha na kuielekeza sakafuni, pale ambapo mtu angekanyaga akipita kwenda mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa mbele yake, kiganja juu, kama wa mtu anayepokea kitu.

Ulikuwa umekunjuka. Vidole vyote vitano.

"Mama," nilisema, "mkono wako."

Aliutazama. Ukajikunja polepole mpaka ukawa ngumi tena.

Nilimsimulia mama mdogo asubuhi, naye akacheka hadi akakaa. "Basi wamfanyie sinema hospitali, tumfukuze yule wa Alhamisi anayetumalizia vitafunwa vyetu." Lakini tarehe saba alibaki kutazama filamu pamoja nasi, akakaa kwenye sofa. Sauti zilipoanza, hakuzisikia. Alikuwa anapiga miayo. Ila nilimwona akivuta mkoba juu ya mapaja na kupeleka magoti upande mmoja, akayarudisha, akayapeleka tena, kama anavyofanya mtu aliyekaa katikati ya safu wakati wenzake wanapita mbele yake kutoka.

"Mbona unahangaika miguu?" nilimnong'oneza.

"Mimi?" alisema. Akaitazama miguu yake. Hakubaki tena siku nyingine.

Nilikuwa na daftari. Siwezi kuogopa kitu bila kukihesabu. Tarehe mosi, sauti tatu. Tarehe nne, kumi na tisa. Tarehe tisa, hamsini na nne. Sidhani sauti ndizo zilikuwa zinaongezeka, nadhani masikio yangu ndiyo yalikuwa yanazoea. Kufikia tarehe kumi na moja nilizisikia zote, moja baada ya nyingine, kwa karibu dakika tatu: themanini na sita. Kuanzia hapo namba haikubadilika.

Baada ya ile ya mwisho, kila siku, mama alibaki na tochi akingoja. Alingoja mpaka taarifa ya habari. Akalala kitandani macho wazi, na nikimwekea mkono kifuani nilisikia moyo unakwenda mbio kama wa mtu aliyepanda ngazi.

"Unangoja nini, mama?"

"Bado mmoja," alisema.

Daktari wa mama hakuzunguka maneno. Alinitoa nje ya mlango akaniambia mgonjwa asipolala, presha haitashuka, na kiharusi cha pili kitakuja. "Na hicho, dada, sitakuficha, hatakiweza. Tafuta kinachomkosesha usingizi ukiondoe."

Kwa hiyo tarehe kumi na tatu nilizima televisheni saa kumi kamili, filamu ikiwa katikati. Nikachomoa na waya ukutani. Mama hakulalamika. Tukakaa, mimi na yeye na kioo cheusi. Saa kumi na dakika thelathini na nane, sauti zilianza vilevile.

Themanini na sita.

Kesho yake, nikimpaka mafuta miguuni, mama alinieleza. Alieleza kwa vipande, maneno mengine yakimkwama, nami nayaweka hapa kwa mpangilio.

Akiwa na miaka ishirini alifanya kazi katika jumba la sinema. Kazi yake ilikuwa tochi: kuwaonyesha watu viti gizani, taa miguuni, kamwe usoni. Tiketi ilichanwa mbili mlangoni. Nusu moja ilitungwa kwenye waya, nusu ya pili alibaki nayo mtazamaji, na wakati wa kutoka aliirudisha kwa mama, naye akaitunga kwenye waya wa pili. Mwenye jumba alikuwa na wasiwasi wa watu kujificha chini ya viti ili waone onyesho la pili kwa tiketi ileile. Nyaya mbili zisipolingana, hakuna kufunga mlango, hakuna kwenda nyumbani. Mwenye tochi anaingia anapita safu kwa safu.

"Viti vilikuwa vya mbao, vya springi," mama alisema. "Mtu akiinuka, kinapanda chenyewe. Ta. Nilikuwa najua watu wanatoka hata kabla sijawaona."

Jumapili moja, onyesho la saa tisa. Lilikuwa la mwisho kabla jumba halijafungwa mwezi mzima kubadilishwa paa. Mama alikuwa amesimama siku saba mfululizo, maonyesho mawili kwa siku, miguu imevimba hadi viatu amevivua. Waya wa kwanza, themanini na saba. Waya wa pili, themanini na sita.

"Nilisimama mlangoni nikaita mara moja. Sikuingia."

"Halafu?"

"Nikachana tiketi mpya. Nikaiandika namba iliyokosekana kwa kalamu. Nikaitunga. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikaweka kufuli."

Mwezi ulipokwisha walifungua. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na harufu, wala kiatu, wala kitambaa. Ila katikati ya safu ya nane kiti kimoja kilikuwa chini. Fundi alibadilisha springi. Kikabaki chini. Akabadilisha tena. Kikabaki chini, mpaka siku jumba lilipovunjwa.

"Labda mtu alipitia dirishani," nilisema. "Labda alitupa tiketi."

"Labda. Hakuna aliyekuja kuuliza, hilo ndilo lililonimaliza. Angekuja hata mmoja akaniuliza, binti, hujamwona fulani? Ningejua ni nani ninayemngoja."

Tuliendelea hivyo siku kumi na sita zaidi. Sina mengi ya kueleza. Filamu, viti, tochi, usiku bila usingizi. Nilianza kuacha makosa kwenye karatasi. Mhariri wangu, mtu mpole, aliniita akanionyesha ukurasa wa hesabu wenye jibu lililokosewa na saini yangu chini yake. "Wewe?" alisema. Afadhali angefoka.

Gazeti lilikuwa limetoa ratiba ya mwezi mzima. Mama alikuwa ameikata akaibandika pembeni ya kioo cha televisheni. Filamu ya tarehe thelathini aliizungushia kalamu tangu siku ya kwanza. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua ndiyo iliyoonyeshwa jumbani Jumapili ile.

"Leo atatoka," aliniambia Jumanne hiyo saa nane na nusu, nilipokuwa namvalisha sweta. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilimpima presha mara mbili na sikumwambia namba. "Leo asipotoka, hatoki tena."

Nilimpigia daktari. Alisema nimlete kesho asubuhi, na usiku huo alale, kwa njia yoyote ile.

Saa tisa filamu ilianza. Mwanamke alikuwa anangoja barua. Mtu alikuwa akipita kwenye mvua na mwavuli. Mama hakuondoa macho. Mimi sikushika kalamu ya kazi. Nilishika ya daftari.

Likatokea neno la mwisho.

Ta.

Nilihesabu kwa vistari, vitano vitano. Pazia la mlango lilitikisika kidogo kwa kila kimoja. Mama alianza kuhesabu kwa midomo, akafika thelathini na kitu, akapotea. Aliponitazama macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nimepoteza. Unahesabu?"

"Nahesabu, mama."

Sabini. Themanini. Themanini na nne. Themanini na tano.

Themanini na sita.

Kimya.

Nilisubiri. Nilisubiri dakika nne kwa saa ya ukutani. Muziki ulikwisha, tangazo la sabuni likaja. Mkono wa mama wa kushoto ulikuwa wazi mbele yake. Jasho lilikuwa linamshuka kutoka nyweleni mpaka shingoni.

"Wangapi?" alinong'ona.

Nilikuwa nimechoka. Nataka hilo lieleweke. Miezi minane, na mwezi huo juu yake.

"Themanini na saba," nilisema.

"Una hakika?"

"Nimeandika, mama." Na nilikuwa nimeandika. Nilichora kistari kimoja zaidi, yeye akinitazama.

Katika maisha yangu yote mama hajawahi kuona nimekosea hesabu. Alivuta pumzi ndefu, akazima tochi, akaniwekea mapajani. Kabla sijamfikisha kitandani alikuwa ameshalala.

Nilirudi sebuleni kuzima televisheni. Sofa ilikuwa tupu. Upande wa kushoto sponji ilikuwa imesimama vizuri. Upande wa kulia ilikuwa imebonyea.

Niliigusa kwa kiganja cha kushoto.

Ilikuwa na joto.

Sikupiga kelele, mama alikuwa amelala. Nililala sakafuni chumbani kwake, na asubuhi, Jumatano, niliamshwa na kicheko cha mama mdogo.

"Profesa, njoo uone. Njoo uone dada yangu."

Mama alikuwa mezani, anakunywa chai. Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Damu ilikuwa imerudi usoni mwake, na alikuwa anamkaripia mama mdogo kwa kuzidisha sukari. Nilimpima presha. Namba ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoandika tangu augue.

"Umelala vizuri?" aliniuliza. Hakuuliza lingine lolote.

"Vizuri, mama."

Mkono wangu wa kushoto niliuweka mfukoni mwa sweta. Nilidhani nimeulalia. Nilipoingia bafuni niliuweka chini ya maji ya moto, nikajaribu kuvuta vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kulia. Havikuvutika.

Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya sofa, ameiinamia. "Yule fundi alituuzia sponji mbovu," alisema. "Tazama, hata wiki tano haijamaliza." Aliipiga mara mbili kuirudisha juu. Haikurudi. Alitaka kukaa, akasita, akaenda kukaa kwenye kigoda cha jikoni.

Sikwenda kazini, wala sikumpeleka mama kwa daktari. Nilichukua tochi na simu, nikafungua mlango wazi kabisa, nikakaa kwenye kiti cha mama. Saa mbili na dakika kumi nilipiga namba ya kituo cha televisheni. Ilipokewa na msichana mwenye sauti ya usingizi.

"Filamu ya jana," nilimwambia. "Nataka kujua mtairudia lini."

"Zile zimekwisha, dada. Ulikuwa mwezi mmoja tu."

"Najua. Angalia ratiba yote. Nangoja."

Nilimsikia akifunua karatasi. Niliwasha tochi kwa mkono uliobaki mzima, nikaielekeza sakafuni, kati ya sofa na mlango.