Sikio la Chiriku

Kengele ya ukumbi wa maonyesho ilipolia Jumamosi jioni, Chiriku aliacha vyombo kwenye beseni, akajifuta mikono kwenye gauni, akachukua kikombe cha bati. Alikibandika mdomo ukutani, akaweka sikio kwenye kitako chake, akatulia tuli. Chumba walichoishi yeye na mama yake kilikuwa nyuma ya ukumbi, na ng'ambo ya ukuta ule ndiko kulikokuwa na jukwaa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama yake alisema bila kuinua macho kwenye cherehani, "lakini lako linasikia mpaka chafya za waigizaji."

Chiriku alimnyamazisha kwa kidole, naye mama akaacha kukanyaga cherehani mpaka wimbo ukaisha. Tiketi za ukumbini hazikuwa za watu wa upande wao wa ukuta. Nyimbo, hata hivyo, zilipenya bure.

Shuleni walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Jumatatu, wakati wa mapumziko, wanafunzi waliokwenda kutazama mchezo walikaa kwenye ngazi za maktaba kusimuliana. Wengi wao hawakujua kusimulia. Mtu aliona mchezo mzima, akarudi na maneno mawili: "Ulikuwa mzuri." Chiriku alipoanza, alikuwa mfalme na mlinzi wake, mjane na mkwewe, na nyimbo akaziimba zote bila kuacha mstari. Watoto walisahau hata kula.

Siku moja mtu alimuuliza, "Kwani wewe hukaa wapi mle ndani?"

"Safu ya pili," Chiriku akajibu.

Uongo ulimponyoka kama sabuni iliyolowa. Tangu hapo ikabidi aulishe. Akatunga viti vyekundu, akatunga majoho ya dhahabu, akatunga hata mama mnene aliyemziba mbele. Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, rafiki yake Kidoti, mwenye alama nyeusi shavuni. Kidoti alikuwa amefika kwao mara moja, naye akajaribu kile kikombe.

Kisha ukaja mchezo wa jemadari aliyerudi kutoka vitani akakuta nyumba yake imetekwa na ndugu zake. Jumatatu Chiriku aliusimulia vizuri kuliko yote aliyowahi kusimulia.

"Basi jemadari akapanda ngazi mbio," alisema, mkono juu, "joho linapepea, upanga unang'aa."

"Akapanda ngazi?" aliuliza binti wa mfamasia. Alikuwa msichana mpole wa sauti, na darasa zima lilimwogopa.

"Mbio."

"Jemadari yule hana miguu. Mchezo mzima yuko kwenye kiti cha magurudumu."

Chiriku alishusha mkono. Yale magurudumu aliyasikia. Alidhani ni gari la farasi.

"Labda siku niliyokwenda mimi," akasema, "alikuwa mwigizaji mwingine."

"Umechezwa siku moja tu."

Hakuna aliyecheka. Kidoti alitazama viatu vyake. Kesho yake Kidoti alihamia dawati la binti wa mfamasia, na Chiriku akajipa moyo kwamba ni kwa sababu pale karibu na dirisha pana mwanga.

Ijumaa kilikuwa kipindi cha kuigiza. Kila kundi lilitunga kichekesho kifupi, na mwalimu wa lugha akakaa nyuma kama mtazamaji. Kundi la binti wa mfamasia liliingia mwisho. Mtoto mmoja alikaa kwenye kiti akakanyaga cherehani isiyokuwepo, mgongo umepinda, akikohoa. Alikuwa kichekesho kweli, na Chiriku, aliyekuwa safu ya mbele, alicheka pamoja na wenzake.

Ndipo Kidoti akaingia na kikombe cha bati.

Alikibandika kwenye ubao, akaweka sikio, akatoa macho. "Mama, mama, mfalme amepiga chafya."

"Mwanangu," yule wa cherehani akajibu kwa sauti ya kukwaruza, "subiri nikushonee tiketi."

Darasa likalipuka. Waligonga madawati, wakafuta machozi. Nyuma kabisa mwalimu naye alicheka, maana hakujua anayechekwa ni nani. Kidoti aligeuka, akainama kama waigizaji wanavyoinama, akasema, "Safu ya pili, jamani. Safu ya pili."

Watu walipopiga makofi, Chiriku naye alipiga. Kutopiga kungekuwa kukiri. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kisha akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akakaa huko mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata haikuwa na huruma. Alipopita, watu waliegemeza masikio ukutani. Dawatini alikuta vikombe vya kila aina. Mtoto wa darasa la chini, ambaye hakujua hata habari yenyewe, alimwita Safu ya Pili. Chiriku akaacha kuongea. Siku mwalimu alipomuuliza swali naye akanyamaza, darasa zima lililaza masikio kwenye madawati. Ndipo mwalimu alipoelewa kile alichokicheka. Akawaamuru waketi sawasawa, akaendelea na somo.

Jioni mama alimbana, naye akasema yote isipokuwa habari ya cherehani. Mama hakuwa mjinga.

"Na mimi waliniigiza?"

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nakohoa hivyo kweli?" Mama alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua, akakikunja tena. "Uliwadanganya kwa kuwa ulinionea aibu. Hilo limeniuma kuliko michezo yao. Sasa kesho kawaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Ukinyamaza, watu watazoea kukusemea."

Asubuhi Kidoti alimngoja getini, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Chiriku alimpita.

Darasani aliomba kusema, akasimama mbele, pale pale kwenye ubao. "Sijawahi kuingia ukumbini," alisema. "Nasikiliza kutoka kwetu, nyuma ya ukuta. Nyimbo ni za kweli, majoho niliyatunga, na kiti cha magurudumu cha jemadari nilidhani ni gari la farasi. Mama yangu ni fundi cherehani, na kifua kinamsumbua. Niliwadanganya, nisameheni."

Kicheko kimoja kilianza kona ya nyuma, kikakosa mwenzake, kikafa.

"Tulijua," alisema binti wa mfamasia, lakini safari hii hakuna aliyemtazama.

Mvulana mmoja aliinua mkono. Hakumuuliza mwalimu, alimuuliza Chiriku. "Ule wimbo wa jemadari, ulisikia mpaka mwisho? Mimi nilikuwepo, lakini sikushika maneno."

"Niliusikia wote," alisema Chiriku.

"Wakati wa mapumziko, basi, utuimbie."

Kidoti akasimama, machozi yamefika kidevuni. "Mwalimu, mimi nimeshamwomba radhi. Hataki kunijibu."

Mwalimu alikuja mbele, akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Ijumaa ile nami nilicheka," alisema, "kwa hiyo haya najiambia pamoja nanyi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Chiriku alisema uongo ili apendwe. Alikosa, na uongo hauna miguu. Wake umeangukia kwenye kiti cha magurudumu. Lakini ninyi mlichukua ukweli, kitu kizuri kuliko vyote, mkautia ncha ili aumie. Kidoti, uongo wake umeisha leo kwa maneno machache. Ukweli wako sijui utaacha kumuuma lini. Umeomba radhi, umefanya vyema. Sasa subiri, wala usimhesabie muda. Haya, fungueni vitabu."