Mkalimani wa Posa Yake

"Kasema nini huyu?" Bi Kaltham aliuliza.

Alya alimtazama Rebwar, aliyekuja kumposa. Posa yake mwenyewe, na mkalimani ni yeye! Kazi ilikuwa ya Ami Hamoud, lakini wali na halua vilishamlaza juu ya mto. Kiarabu cha mama yake, Bi Kaltham, kilikuwa cha sokoni tu hapa Ibra, Oman, na mwalimu Rebwar, Mkurdi wa Kirkuk, Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo.

Bi Kaltham alikuwa ametaka kujua binti yake atawekwa wapi. Rebwar alikuwa amejibu kwa Kiarabu, kwa furaha:

"Nyumbani kwetu. Utawala uliotufukuza umeanguka tangu mwaka jana, Wakurdi tunajitawala, na Kirkuk nayo tutaipata. Ijumaa kaka yangu anawatoa Waarabu waliowekwa na utawala huo nyumbani mwetu."

"Tafsiri basi," Rebwar alimhimiza Alya.

"Hili silitafsiri."

"Kwa nini? Baba yangu ndiye aliyeijenga. Tulitolewa kwa bunduki!"

"Najua, na haki ni yako. Lakini mama naye alitolewa kwake Unguja mwaka sitini na nne, kanga zake kambani hazijakauka. Mpaka leo huota anakwenda kuzianua. Hao watu wana watoto?"

"Wanne. Wawili wamezaliwa humo."

"Nakupenda, Rebwar, wallahi nakupenda. Lakini chumbani alimotolewa mtoto kwa nguvu, mimi sitalala."

Rebwar aliinamisha kichwa. Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake. Kikurdi kikapanda, kikafoka, kikashuka. Alipokata, macho yalikuwa mekundu.

"Kaka anasema Oman imenilainisha. Nimemwambia nyumba ni yetu, lakini wakae mpaka watoto wamalize shule na wapate pa kwenda. Hao ni majirani zetu, tutaishi nao. Mimi na wewe tutapanga nyumba hapahapa Ibra kwanza. Ukinikubali."

Alya akamgeukia mama yake, akatafsiri yote. Hata ile Ijumaa hakuificha.

Bi Kaltham alichezea upindo wa mtandio.

"Mie Unguja sikupewa hata saa moja," alisema mwishowe.

"Mama..."

"Ngoja. Mwambie nimemkubali. Mwambie upesi, mwanangu, kabla sijaanza kulia."

Alya alifungua kinywa atafsiri, akaangua kilio yeye.