Unga wa Ukuta wa Hekalu

Wagida alitoa mikate tanurini kwa mikono mitupu, wala hakushtuka. Aliyepiga kelele ni mama mkwe wake, Bi Bahana.

"We mwanamke! Vidole vinaungua hivyo!"

Wagida akavitazama. Malengelenge yalikuwa yamefura. Maumivu hayakuja.

Siku tatu nyuma, wawili hao walikwenda kwenye magofu ya hekalu nyuma ya mashamba ya miwa, adhuhuri, mlinzi akiwa amesinzia. Miaka minane ya ndoa bila mtoto si mchezo, na mumewe, Shazli, alikuwa ameshaanza kutajiwa mabinti wa watu. Wanawake wa pale wenye shida hiyo hukwangua ukuta wa hekalu na kunywa unga wake kwa maji. Sharti ni moja tu: kwanza uwapigie hodi wenyewe, majini wa mahali pale. Wagida, kwa pupa, alikwangua, akanywa, ndipo akakumbuka hodi. Kutoka chumba chenye giza sauti ikamjibu taratibu, "Karibu."

Mwezi uliofuata, mimba ikaingia. Shazli akachinja kondoo.

Lakini ganzi ilipanda kutoka vidoleni hadi mabegani, harufu ya popo ikamganda nguoni, na kila alipokaa kimya alisikia kitu kikikwangua, kwaru, kwaru, akadhani ni panya ukutani, akahamisha kitanda, akahama chumba, mpaka mchana mmoja alipoziba masikio yote mawili na kugundua kwamba sauti ile inatoka ndani ya kifua chake mwenyewe.

Bi Bahana akamwita Nuwwara, mganga wa kupunga majini. Nuwwara akaweka sikio kifuani, akarudi nyuma haraka.

"Ulimkwangua bila hodi," akanong'ona. "Na yeye anakukwangua. Kumtoa nitamtoa, ila alichokupa ataondoka nacho."

Wagida akashika tumbo. "Basi mwache."

"Mwanangu," Bi Bahana akalia, "huyo habakizi kitu!"

"Atabakiza mtoto."

Alijifungua bila kuguna. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kali. Nyumba ikajaa vigelegele, Shazli akacheka na kulia kwa pamoja. Wakamlaza mtoto kifuani pa Wagida. Alimtazama kwa muda mrefu, akimkagua vidole, pua, masikio.

"Mzuri," akasema kwa adabu. "Sasa mrudisheni kwa mama yake."